Kutoka mabomba ya maji hadi dawa ya mapafu

Saa mbili asubuhi, utepe wa dawa iliyoyeyushwa unachuruzika kutoka mdomo wa mashine. Mwanamke aliyejifunika nywele, mdomo na mikono anakata kipande na kukiinua kwenye taa. Kinapitisha mwanga kama kioo cha dirisha.

"Hii imekubali," anasema. "Ikitoka na ukungu, ujue dawa imegoma kuchanganyika."

Kiwandani wanamwita Mama Mabomba, kwa sababu kabla ya dawa alitengeneza mabomba ya plastiki. Leo macho yake yako kwenye mashine, lakini moyo uko hospitali. Mumewe amekwenda kupigwa picha itakayoonyesha kama fangasi waliomng'ang'ania mapafuni miaka yote hii wameondoka.

Simu haziruhusiwi kwenye chumba cha mashine. "Tumepatana," anaeleza. "Habari ikiwa njema, atapiga mluzi getini. Zamani ndivyo alivyokuwa akija kunichukua, mpaka walinzi wakamwita Kipenga. Ugonjwa ulipoingia, mluzi ukatoka."

Dawa ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilikuwa haiyeyuki. Mumewe alimeza vidonge vinne kwa siku, na sehemu kubwa ikapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Kifua kikabaki vilevile.

Kiwanda cha mabomba kilipofungwa, Mama Mabomba alisikia kwamba kiwanda cha dawa kinatafuta mtu anayeijua mashine ya kuyeyusha na kusukuma. Alidhani anataniwa. "Mama mkwe ndiye alinimaliza. Aliniuliza, 'Sasa mwanangu utamlisha mabomba?'"

Kazi kweli inafanana. Unga wa dawa huchanganywa na polima, ndugu wa plastiki, lakini huyu huyeyuka majini na hana madhara mwilini. Joto humlainisha, parafujo mbili ndefu, yaani skrubu zinazozunguka, hukanda, na dawa hutawanyika ndani yake hadi chembe zisipate nafasi ya kushikana tena. Utepe ukipoa husagwa, ukafanywa vidonge. Kidonge kimoja sasa kinafanya kazi iliyovishinda vile vinne.

Wiki ya kwanza aliaibika. Utepe ulitoka na ukungu, naye akafanya alivyozoea kwenye mabomba: akaongeza moto. Dawa ikaungua, utepe ukawa wa kahawia, na mzigo wote wa siku ile ukatupwa.

"Nilivua aproni mwenyewe. Nikajua kibarua kimeota nyasi."

Mfamasia msimamizi, binti wa rika la mwanawe, alimrudishia aproni. "Akaniambia, 'Mama, moto tuuache. Punguza unga unaoingia, mashine ipate muda wa kukanda.' Hakunifokea. Mpaka leo nikiomba, yule mtoto namtaja kabla ya ndugu zangu."

Mwaka jana mumewe alianza kumeza vidonge vya hapa. Kikohozi kilipungua, kisha akaanza kugombana na redio kuhusu mpira.

"Nilipomsikia anagombana, nililia kwa furaha. Nilikuwa nimeuchoka ule upole wake."

Mpango wao ni mmoja. Mjukuu wao wa kwanza anaishi ghorofa ya nne, kwenye jengo lisilo na lifti. Babu hajawahi kufika. Mtoto ndiye huletwa chini. Pumzi ikirudi, watapanda wao.

Jioni anazima mashine, anasugua parafujo, anavua kofia. Simu yake imo kabatini. Anaishika, kisha anaitia mfukoni bila kuiwasha.

Getini kumetulia. Mama Mabomba anapunguza mwendo.

Ndipo mluzi unasikika nje ya ukuta. Ni mwembamba, unakatika katikati, unatafuta pumzi, unaanza upya.

Anajifuta machozi kwa kofia ya kazi. Mumewe amesimama barabarani, bahasha ya picha kwapani.

"Jumapili twende kwa mtoto," anasema mzee, hata salamu hajatoa.

"Twende, mume wangu. Ila ngazini usipige mluzi, tutafika Jumatatu."