Shamira na Alupo Wagongana Kwenye Mstari Mmoja

Shamira huandika programu za simu katika chumba cha nyuma ya duka la vipuri la baba yake, mzee Abdulnoor, mjini Busia. Mbele wateja wanabishania shoki za pikipiki. Nyuma yeye anagonga kibodi akiimba. Mwenzake wa kazi, Alupo, anakaa Malaba. Pamoja wametengeneza programu inayowaambia madereva wa malori foleni ya kuvuka mpaka kuingia Uganda ilivyo, ili mtu ajue kama ana nafasi ya kwenda kula.

Kila mmoja ana nakala ya programu hiyo kwenye kompyuta yake. Wakimaliza kazi, mfumo wa Git huziunganisha nakala hizo mtandaoni. Ukikuta wote wamebadilisha mstari uleule, hauchagui. Unaweka maandishi ya huyu juu na ya yule chini, unayatenga kwa alama, kisha unangoja binadamu aamue. Mgongano huo wao huuita conflict.

Jumatatu moja ulikwama hivyo kwenye hesabu ya foleni. Shamira aliyatazama maandishi ya Alupo juujuu, akadhani ni yaleyale, akayafuta na kubakiza yake. Git ikakubali bila kelele.

Kesho yake simu ililia.

"Shamira, umenifanya nini?" Alupo aliuliza. "Dereva wa lori la mafuta ameambiwa zamu yake bado sana, akaenda kunyoa. Saa hii wenzake wanampigia honi na yeye ana povu nusu kichwa! Malori ya mafuta huku Malaba yana foleni yao. Ndicho nilichoandika jana!"

Shamira alicheka, kisha akaona haya. "Nilifuta bila kusoma. Pole, dada."

"Pole mpe dereva. Mimi nakuja."

Alupo alifika kwa boda, vumbi hadi kwenye nyusi. "Hii conflict lazima tuimalize leo," alisema akiingia.

Mzee Abdulnoor alisikia neno hilo, akadhani ni ugomvi. Alimwacha mteja ameshika taa ya pikipiki, akaleta chai na mandazi, akaketi katikati yao.

"Binti zangu, nani alianza?"

Wasichana walicheka mpaka chai ikamwagika. "Mzee, hatujagombana," Alupo alisema. "Ni mistari yetu imegombana."

"Basi ipatanisheni. Nisikie imeisha."

Git huhifadhi kila hatua, kwa hiyo Shamira aliirudisha hali ya jana, maandishi yote mawili yakatokea tena. Safari hii waliyasoma kwa sauti. Yake yalitoa kwenye hesabu malori yaliyoegeshwa kando madereva wakipumzika. Ya Alupo yalitenga malori ya mafuta.

"Kumbe hakuna aliyekosea," Shamira alisema.

Wakaandika upya: kwanza tenga ya mafuta, halafu toa yaliyoegeshwa. Wakafuta alama, wakajaribu kwa foleni za miji yote miwili, hesabu ikakubali. Alupo alimpigia dereva kuomba radhi. Alikuwa ameshavuka, kofia kichwani, akitafuta kinyozi Tororo.

Siku hizi, anayekuta mgongano humpigia mwenzake kabla hajafuta kitu. Mazungumzo huanza na mstari mmoja, yakaishia kwa omena, wale dagaa wa Sio Port, harusi ya binamu na nani amenunua viatu gani. Shamira anasema kazi sasa inachelewa kidogo, lakini hajawahi kuipenda hivi.