Kisanduku cha Penisilini

Fundi wetu wa kompyuta tulimwita Injinia, ingawa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Ndiye aliyeitengenezea zahanati fomu ya kwenye skrini: ukifungua jina la mgonjwa, unaona orodha ya visanduku vya dawa, na yenye tiki ndiyo inayomdhuru. Majina ya dawa hakuyaandika moja moja. Fomu iliyasoma yenyewe kwenye vichwa vya safu za jedwali. Ukiongeza safu, kisanduku kipya kinajitokeza. Alitutambia hilo mwaka mzima. Mimi karani masikio yalinichoka.

Kosa lake lilikuwa la mtu mvivu mwenye akili. Majina aliyapanga kwa alfabeti ili yapendeze, lakini tiki alizichukua kwa kuhesabu safu: ya safu ya kwanza kwa jina la kwanza, ya pili kwa la pili. Kwa kuwa jedwali nalo lilifuata alfabeti, mambo yalikwenda shwari. Siku nilipoongeza dawa mpya mwishoni mwa jedwali, jina lake liliruka hadi katikati ya orodha, na tiki hazikusogea. Kuanzia hapo kwenda chini, kila dawa ikabeba tiki isiyo yake.

Muuguzi wetu, dada wa mke wa Injinia, alimchoma mwalimu mmoja sindano ya penisilini. Mwalimu akavimba koo, akakimbizwa hospitali kubwa, na hatukujua kama angepona. Muuguzi aliapa kwamba kisanduku kilikuwa kitupu. Mganga mkuu akaitisha kikao kesho yake saa nne.

Asubuhi hiyo Injinia alitutangulia sote, akaliona kosa. Wagonjwa walikuwa wanakaribia kuingia, basi akarekebisha palepale, kila tiki ikafuata jina la safu yake, akaifuta programu ya zamani. Hakumwambia mtu. Alidhani atasema kikaoni.

Kikaoni mganga mkuu akafungua fomu ya mwalimu mbele yetu. Penye penisilini palikuwa na tiki, imekolea.

"Na hii je, dada?"

"Jana haikuwepo, daktari. Haki ya Mungu haikuwepo!"

Injinia akasimama. "Anasema kweli. Kosa ni langu, nimelirekebisha leo asubuhi."

"Hebu tuone hiyo ya jana."

"Nimeifuta."

Nikadakia kwamba safu mpya niliiongeza mimi, wiki ileile. Mganga mkuu akaniambia niandike muhtasari, maoni sikuombwa. Kisha akamtazama Injinia, akacheka kidogo. "Mtu na shemeji yake," alisema.

Niliandika, kalamu ikichana karatasi kwa hasira. Muuguzi alisimamishwa kazi kabla ya saa sita. Injinia alimfuata hadi mlangoni.

"Niliwahofia wagonjwa, shemeji. Wangeumia wengine."

"Najua," alisema muuguzi. "Lakini ungeniita kwanza nione. Dakika moja tu, shemeji."