Herufi za Picha na Herufi za Kioo

Nilifika Kawangware kwa kuzunguka. Kutoka kwetu Mwingi hadi Nairobi ni safari ya nusu siku, lakini mimi ilinichukua miaka. Nilipomaliza kidato cha nne niliteremka Voi kukata mkonge, nikaenda Malindi kuosha vyombo hotelini, nikarudi nyumbani na kuondoka tena kabla mbaazi hazijavunwa. Kitale nilivuna mahindi ya watu. Nakuru ndiko nilikokaa zaidi, nikichora maandishi kwenye milango ya maduka na ubavuni mwa malori. Mvua ikinyesha rangi haikauki, kwa hiyo nilijikinga katika saiba iliyokuwa jirani, duka la kukodisha kompyuta na intaneti. Siku moja nilibonyeza mahali nisipopajua, ukurasa ukageuka na kunionyesha maandishi yaliyouunda. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kurasa zile hujengwa na watu. Nikaanza kunakili za wengine, nikibadili neno hapa na rangi pale, nione kitakachovunjika.

Kisha nikaichoka Nakuru pia. Kila mji nimeupenda baada ya kuuacha, na hilo sijui nilipatie wapi dawa. Niliingia Nairobi na begi moja, nikapata chumba cha mabati Kawangware, mlango ukitazamana na mama muuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aliyeamka kabla ya kila mtu.

Mwenzangu nilimkuta katika saiba moja Riruta Satellite, juu ya duka la vifaa vya umeme. Alikuwa mtu wa kando ya ziwa, mrefu, mwenye kucha safi kama za daktari. Aliishi Soweto West, Kibera, na mkewe na binti yao mdogo, na kompyuta yake aliiweka huko, juu ya meza iliyokuwa pia ya kulia. Yeye alichora, mimi nilijenga. Kazi yetu ilikwenda hivi: kwanza anachora picha nzima ya ukurasa jinsi utakavyokuwa, mwenye kazi anaiona na kuikubali, kisha mimi naandika maagizo ili brauza, programu ya kufungulia kurasa, ionyeshe kitu kilekile. Wengine walionyesha picha zao kwenye kioo cha kompyuta. Yeye alikataa. Alizipeleka mjini zikachapishwe kwenye karatasi nzito inayong'aa, kwa sababu, alisema, mtu haamini kitu ambacho hawezi kukishika.

Mwaka uliofuata, uliokuwa wa uchaguzi, tulipata kazi kwa mama mmoja mwenye kambi ya watalii, aliyekuwa na ofisi karibu na barabara ya Ngong. Alizungusha karatasi ya mwenzangu mikononi kama mtu anayechagua kitambaa.

"Hii ndiyo nataka," akasema. "Hivi hivi. Mkinipatia hii, Januari mnaingia hapa ofisini, wote wawili. Kuna meza mbili pale nyuma."

Tulitoka tukavuka barabara. Mwenzangu akasema atahamisha familia kutoka Soweto West kabla binti hajaanza shule.

Nilijenga ukurasa. Tulipoufungua kwenye kompyuta ya madam, kama tulivyomwita, aliibandika ile karatasi kando ya kioo kwa selotepu, akavaa miwani.

"Hii na hii si kitu moja," akasema.

"Ni moja, madam."

"Usiniambie. Hizi herufi za karatasi ni laini. Hizi zako ziko na meno. Na ni kubwa. Hata si za ukoo mmoja."

Alikuwa na haki. Fonti, yaani aina ya herufi, aliyoitumia mwenzangu ilikuwa kwenye mashine yake peke yake, kwa hiyo kompyuta ya madam iliweka ile iliyokuwa nayo. Ukubwa nao alikuwa ameupima kwa pointi, kipimo cha wachapaji, nami nikaandika pointi zilezile, brauza ikazikuza. Hayo mawili yalirekebishika: tulichagua fonti iliyopo kwenye kila kompyuta, tukaacha pointi na kupima kwa pikseli, yaani nukta za kioo chenyewe. Lakini meno yalibaki. Programu ya kuchorea hupaka nukta za kijivu pembeni mwa kila herufi, na jicho huona ulaini. Kompyuta ya madam, kama nyingi za wakati ule, iliweka nukta nyeusi au haikuweka kitu, na mapindo ya herufi yakawa ngazi ngazi.

Nilimwambia mwenzangu kuna dawa moja tu ya haki. Auzime ulaini katika picha zake, ili mteja asikubali kitu ambacho kioo hakiwezi kukitoa.

"Yaani nichore vibaya?"

"Uchore vile itaonekana."

"Omera, ndugu yangu, brauza yako ni ya kienyeji, halafu unataka na mimi nirudi kijijini."

"Fonti zako ndizo hazina kitambulisho. Zikifika kwa kompyuta ya mtu zinarudishwa."

Tulicheka, na mwenye saiba akatupigia kelele tulipe au tutoke. Lakini kuzima ulaini hakungesaidia tena. Madam alikuwa ameikubali karatasi, na karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani kwake. Tukafanya kile ambacho watu wengi wa kazi yetu walikifanya wakibanwa: tukayafanya maneno yote kuwa picha. Mwenzangu alikata kila kichwa na kila aya kutoka kwenye mchoro wake, akaniletea vipande kwenye sidii, nami nikavipanga kama vigae. Ukurasa ulifunguka polepole, kipande baada ya kipande. Ila ulikuwa laini.

Madam aliutazama ukurasa, akaitazama karatasi. "Sasa," akasema. "Januari ofisi ikifunguliwa, mje na viatu vya kazi." Tulikwenda Satellite tukanywa soda mbili, na mwenzangu akaniambia mtaa ambao alikuwa ameona chumba.

Krismasi sikwenda nyumbani. Tulipiga kura, yeye kwake na mimi kwangu, na siku matokeo ya urais yalipotangazwa, upande mmoja ukisema kura zimeibwa, moshi ulianza upande wa Kibera kabla redio haijamaliza kusema. Jioni hiyohiyo ulikuwa Kawangware. Duka la vifaa vya umeme lilivunjwa, ngazi ya kupandia saiba ikang'olewa. Vijana walisimama kwenye kona wakidai vitambulisho, na jina la baba, linaloonyesha kabila la mtu, lilisomwa kabla uso haujatazamwa. Mama wa githeri alifunga sufuria zake kwa leso akaondoka na watoto, mlango ameuacha wazi. Nadhani alijua kufuli haitasaidia.

Madam alinipigia simu katikati ya hayo.

"Wageni wote wameghairi. Andika pale mbele kwamba kambi iko mbali na fujo, watu wako salama. Leo."

"Madam, yale maneno ni picha."

"Picha aje? Si ni maneno?"

"Ni picha ya maneno. Siwezi kubadilisha. Inabidi ichorwe upya."

"Basi ichorwe."

"Anayechora yuko Kibera."

"Mungu wangu," akasema, na simu ikakatika.

Kadi za simu zilikuwa hazipatikani kwa sababu maduka yalifungwa. Nilipopata moja, kwa bei ya wizi, nilimpigia mwenzangu.

"Uko?"

"Niko. Na wewe?"

"Niko. Mashine iko wapi?"

Alicheka, lakini si kile kicheko chake. "Watu wanaulizana watoto wako wapi, wewe unauliza mashine."

"Madam anataka maneno mapya. Bila hayo ile kazi ya Januari itatupotea."

"Mashine iko chini ya kitanda, nimeifunika na blanketi. Stima hakuna tangu juzi."

"Nikuje niibebe?"

"Usikuje. Huku wakisikia wewe ni Mkamba watakuuliza yule mwanasiasa wenu ameenda kula serikalini na nani. Mimi nikikuja huko?"

"Hapa kwa kona ukitoa kitambulisho tu..."

"Basi," akasema.

Nilijaribu hata hivyo. Nilifika karibu na barabara ya Ngong, askari wakanirudisha na rungu begani. Saiba pekee niliyoipata wazi ilikuwa ndani ya uzio wa kanisa, mashine mbili na pasta mmoja. Hapo niliziondoa picha za mwenzangu, aya moja baada ya nyingine, nikaandika maneno ya madam kwa herufi za kawaida. Ziliingia kubwa, zenye meno, na mstari wa mwisho ukavuka ukingo wa rangi aliyoichora yeye. Nikampigia madam aliyekuwa amejifungia kwake.

"Yanasomeka?" akauliza.

"Yanasomeka."

"Basi wacha hivyo."

Mwanamke aliyetutesa kwa majuma kwa ajili ya pembe ya herufi hakuufungua hata ukurasa.

Mwenzangu alitokea Satellite mwezi wa pili, njia zilipoanza kupitika. Alikuwa amekonda, na kucha zake zilikuwa kama za mtu yeyote. Ukuta wa chumba chake ulibomolewa mchana, watu wakabeba kompyuta pamoja na blanketi lake. Mke na binti aliwapandisha lori lililokuwa likirudisha watu kando ya ziwa. Tulikwenda kwenye ile saiba ya kanisa, akaomba nimfungulie ukurasa.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Mama alisema nini?"

"Alisema inasomeka."

"Inasomeka," akasema. Aligusa kioo pale mstari ulipovuka ukingo, akaondoa kidole. "Na kazi?"

Tukaenda kuuliza, kwa miguu, wote wawili. Ofisini viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza. Madam alitushika mikono, akatuuliza watu wetu wako hai, kisha akatuambia kambi ameifunga na wapishi amewarudisha makwao. Zile meza mbili za nyuma zilikuwa zimeshachukuliwa na aliyezinunua.

"Niruhusu nirudishe zile herufi," mwenzangu akasema. "Nitaazima mashine mahali. Sitaki pesa."

"Zisomwe na nani, baba?"

Hakusema kwa ubaya. Mwenzangu alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia, akashukuru, tukatoka. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, lakini yote yalikuwa ya kumtuliza mtu aliyepoteza kitu kidogo.

Wakubwa wawili waliogombania urais walipeana mikono mwishoni mwa mwezi huo, tukawaona kwenye televisheni ya kinyozi. Watu walipiga makofi kidogo, kisha kinyozi akaendelea na kichwa alichokuwa amekifikisha katikati. Kazi hazikurudi. Mwenye saiba ya Satellite aliuza mashine zilizobaki akahamia Nyahururu. Mwenzangu alilala kwa binamu yake Soweto West akisukuma mkokoteni wa maji, na mimi nilipakua mawe pale Kawangware hadi mgongo ukakataa.

Siku niliyoondoka alitembea kutoka Kibera kuja kunisindikiza, pamoja na kwamba nilimkataza. Alinibebea begi hadi stendi.

"Unaenda wapi safari hii?"

"Mombasa. Halafu nitaona."

"Wewe huoni. Wewe unaenda tu." Akanipa begi. "Huko kukiwa na kazi ya kuchora..."

"Nitakuita."

"Ukifika uniflashi. Nitakupigia mimi."

Sijawahi kurudi Kawangware. Nilipofika Mombasa niliiacha simu iite mara moja nikakata, kama ilivyo desturi. Nilikaa Mwembe Tayari na begi miguuni nikingoja mpaka wauza kahawa wakaanza kukusanya vikombe. Hakupiga. Kesho yake nikapiga kwa salio langu mwenyewe, sauti ya mwanamke ikaniambia mteja hapatikani, na kwa muda mrefu baadaye, kila nilipohamia mji mwingine, niliisikiliza sauti hiyo hadi mwisho.