Salamu za Ng'ambo ya Barabara

Mwanne alikuwa akifua nguo katika nyumba mbili zinazotazamana kule Misugusugu. Asubuhi kwa Mama Odessa, Mmarekani mweusi, nesi mstaafu. Mchana kwa Bwana Glen, Mmarekani mweupe, mhandisi wa kiwanda kimoja cha Zegereni. Miaka miwili Wamarekani hao walikaa barabara moja bila kuulizana hali. Jambo hilo lilimkera Mwanne kuliko sabuni kidondani. Watu wa nchi moja, wamekutana ugenini, halafu wananuniana!

Mama Odessa alishamweleza sababu. Kwao, zamani, bibi yake akikutana na mzungu njiani ilibidi ampishe na kumwamkia, hata kama mzungu huyo ni mtoto, la sivyo apigwe.

"Niliapa," alisema kwa Kiswahili chake cha ukubwani, "mzungu sitaanza kumsalimia mimi. Aanze yeye, nitajibu."

Mwanne aliyashika hayo ya mwisho tu. Kisarawe alikozaliwa, mtu haingii nyumba ya watu mikono mitupu, na salamu nazo ni mzigo. Kama hukupewa, unazibuni, na hakuna anayekuita mwongo. Basi kila siku akawa anasema, "Mama, Bwana Glen anakusalimia." Akivuka barabara anasema, "Bwana, Mama Odessa anakusalimia."

Bwana Glen hakuwahi kuinua macho kwenye kompyuta yake. Lakini Mama Odessa, masikini, mwanzoni aliguna, baadaye akauliza, "Hajambo?" na mwishowe akawa anazingoja. Alimpigia simu hata dada yake kumwambia kuwa ana jirani mzungu anayemjulia hali kila siku ya Mungu.

Jumamosi moja alioka mkate wa mahindi, akaufunika kwa kitambaa safi.

"Mpelekee. Mwambie namsalimia."

Mwanne alivuka karibu anakimbia. Bwana Glen alifunua, akanusa, akauweka pembeni.

"Mwambie taa yake ya nje inanimulika chumbani. Aizime."

"Na salamu, bwana?"

"Salamu gani?"

Laiti Mwanne angenyamaza hapo! Alirudi akitabasamu kwa shida. "Amefurahi mno, mama. Anasema karibu, hata kesho."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, si siku ya kazi, lakini Mwanne alikuja kusudi ajionee. Mama Odessa alitoka kanisani akavuka moja kwa moja, na gauni lake la buluu na kofia. Bwana Glen alikuja getini, asilifungue. Waliongea Kiingereza, maneno machache tu, kisha Bwana Glen akanyoosha kidole kwenye ile taa.

Mama Odessa alirudi, akakaa bila kuvua kofia.

"Zile salamu, Mwanne. Miaka miwili. Alituma ngapi?"

Mwanne alipiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilitaka mpatane."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

"Na kwake? Ulimpelekea zangu?"

Mwanne alitamani ardhi ipasuke. "Kila siku."

Mama Odessa alicheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekosa pa kulilia.

"Bibi yangu walimtishia fimbo ndipo akawaamkia," alisema. "Mimi umenipeleka kumwamkia huyu kila siku, miaka miwili, na hakuna hata mtu aliyeninyanyulia mkono."

Mwanne alitaka kueleza kwamba kwao salamu ni salamu tu, haimshushi mtu. Aliyatafuta maneno hayo, na kwa mara ya kwanza maishani akaona hayamtoshi hata yeye mwenyewe.

Jumatatu aliwahi kuliko siku zote. Ile taa ya nje ya Mama Odessa ilikuwa bado inawaka, na jua limeshatoka. Alibisha hodi, mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

Mama Odessa alimkabidhi beseni la nguo, akarudi ndani bila kuitikia.