Mfagiaji Aliyesoma Pembe ya Jumba la Harcombe

Saa mbili na nusu asubuhi, Sushila Jethwa amepiga magoti kwenye ngazi za Jumba la Harcombe, kaskazini mwa London, anasugua shaba. Chini ukumbini, mtembeza wageni Zainab Himid anapaka wanja mbele ya kioo kikubwa.

"Kioo nafuta mie, uso anautazama yeye," ananong'ona Sushila.

Ni mwaka 1974. Sushila, mwenye umri wa miaka 41, alizaliwa Mkunazini, Unguja. Alifika hapa mwaka 1968 pamoja na mumewe, Hemant, na watoto watatu. Wote watano wanaishi katika vyumba viwili huko Kingsbury. Kazi hii ya kufagia na kupiga deki ameifanya miaka mitano.

Zainab, Mzanzibari mwenzake, aliingia mwaka jana tu, na Sushila ndiye aliyemtafutia kazi. Lakini Zainab alikisoma Kiingereza hadi sekondari. Baada ya miezi minne akaachishwa ufagio, akavalishwa koti la kijani la watembeza wageni.

"Nilimpongeza kwa mdomo," anasema Sushila. "Moyoni nilitamani limbane."

Tangu hapo akawa anafuta vumbi popote msafara wa Zainab ulipopita, masikio wazi. Hivyo ndivyo alivyoijua historia ya jumba hili: lilijengwa na bwana mmoja mwenye mashamba, likauzwa kwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, naye akaacha pembe moja nzima ukutani, ndefu kuliko mtu.

Pembe hiyo ina maandishi kwenye shina lake. Zainab huwaambia wageni kuwa ni alama za wawindaji.

Si kweli, na Sushila alilijua hilo tangu wiki yake ya kwanza. Ni tarakimu na herufi za Kigujarati. Baba yake, Chandrakant, alikuwa mpimaji wa pembe forodhani Unguja, na alimfundisha kuzisoma kabla hajaenda shule.

"Nilinyamaza. Kila akikosea, nilisikia raha. Sikufichi."

Mwezi Mei, mzee mmoja wa Kiingereza alimuuliza Zainab wawindaji hao waliandika nini. Zainab akababaika. Mzee akacheka, akasema ni mikwaruzo tu ya watu wasiojua kuandika.

Zainab alimgeukia Sushila. "Shoga, weye mtoto wa mpimaji. Unajua hapa pana nini?"

"Jibu la 'sijui' lilikuwa ulimini," anakumbuka. "Lakini yule mzee keshamtukana baba yangu."

Akaweka ndoo chini. Akasoma kwa Kiswahili, maana Kiingereza alikielewa kuliko alivyokisema, Zainab akifasiri: uzito wa pembe kwa vipimo vya zamani, frasila tatu na ratili nne, kisha herufi za jina la mwenye mali. Akaongeza kwamba zamani mizigo hiyo ilitoka bara mabegani mwa watu, wengi wao watumwa, na majina yao hakuna aliyeyaandika.

Wageni walipiga makofi. Kisha wakapanga foleni kumpa mkono Zainab.

"Mie walinizunguka kama nguzo," anasema Sushila. "Siku ile nililia chooni, si kwa huzuni. Kwa wivu."

Zainab hakuyameza makofi yale. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa msimamizi wa jumba, akaeleza nani hasa aliyesoma. Msimamizi akamwambia Sushila kuwa atapewa mtihani wa mazungumzo ya Kiingereza mwezi Septemba. Akifaulu, atatembeza wageni.

Sasa kila mchana wawili hao hukaa jikoni, Sushila na chapati zake, Zainab akimsahihisha matamshi.

"Ananionea choyo mpaka leo, naliona jichoni," anasema Zainab. "Lakini nani atamfunza? Si mie niliyekula sifa zake?"

Sushila hakanushi. Ameshapanga siku yake ya kwanza akifaulu: atamwomba msimamizi ampe Zainab ruhusa ya saa moja, ajiunge na msafara.

"Nataka nitangulie mie," anasema, akikunja kitambaa chake, "na yeye aje nyuma, asikilize."