Kalamu Nyekundu ya Mama

Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi, na kijijini kwetu hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nacho. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa na mitumba imeanza kumwagika mnadani, na mama alikikuta kitabu hicho katikati ya marobota ya nguo akaninunulia. Kilikuwa na picha za rangi mwanzo hadi mwisho. Maneno yake yalikuwa ya lugha ambayo hata mama, pamoja na ualimu wake, hakuijua, na hilo lilinifaa sana. Hadithi nilitunga mwenyewe.

Wakati wa mapumziko wenzangu walinizunguka kusikiliza, nami nikajiona mtu wa maana. Ukurasa walioupenda ulikuwa wa kikongwe anayekoroga chungu, moshi ukipanda hadi mawinguni. Mwaka huo mvua ilichelewa, mbegu za mtama zikawa zinaliwa na mchwa ardhini, na watu wazima walinong'ona kwamba kuna mtu ameifunga. Nikawaambia wenzangu kwamba mvua hufungwa hivyo, kwa moshi wa chungu. Rafiki yangu Sechelela hakukubali. Alisema mchawi ana macho mekundu, na bibi huyu wa kitabuni macho yake ni mazuri tu.

Sikupenda kuumbuliwa. Jioni ile nikachukua kalamu nyekundu ambayo mama alisahihishia madaftari, nikayapaka yale macho mpaka karatasi ikalowa. Kesho yake nikawaonyesha. Wote wakanigeukia, nami kwa kutaka tu waendelee kunitazama, nikasema, "Ni Bibi Nyemo."

Bibi Nyemo alituuzia ubuyu nje ya shule. Macho yake yalikuwa mekundu, yakitoka machozi mchana kutwa, na shingoni alining'iniza kibanio kidogo cha kung'olea kope zilizomchoma. Ulikuwa ugonjwa wa vikope, uliowapofusha wazee wengi kwetu. Hata wakati ule nilijua ni mgonjwa, maana mama alishaniambia. Ndiyo sababu siwezi kujitetea kwa utoto.

Hakuna aliyenunua tena ubuyu wake. Maneno yangu yaliingia kila nyumba na kutoka yakiwa makubwa zaidi. Kisimani wanawake walimwambia awe anachota mwisho, kisha wakamwambia asije kabisa. Mtu mmoja akauvunja mtungi wake.

Mchana mmoja akaja kwetu akipapasa ukuta. Mama hakuwepo. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akakaa mkekani.

"Mjukuu wangu, nasikia nimo kwenye kitabu chako," akasema. "Hebu nionyeshe."

Nikafungua ukurasa ule. Akausogeza hadi puani, akaupitisha kidole taratibu. Hakuona kitu.

"Nafanya nini humu?"

"Unapika, bibi."

Akatabasamu. "Basi ni vizuri. Waambie wenzako kwamba napika tu."

Nikaitikia, lakini sikuwaambia. Niliogopa Sechelela angejua habari za kalamu, niliogopa kuitwa mwongo, na woga huo mdogo nikauona mkubwa kuliko maisha ya yule bibi. Wiki hiyohiyo mvua ikanyesha, watu wakasema ameifungua baada ya kujulikana. Kabla mtama haujachanua, mwanawe alikuja kumchukua kwa lori lililokuwa likielekea Kibaigwa. Tulisimama kutazama. Alitupungia mkono, lakini alikuwa ameuelekeza upande ambao hatukuwepo.

Hakurudi tena, nami sikuwahi kumfuata, ingawa Kibaigwa si mbali na nimepita pale mara nyingi nikiwa mtu mzima.

Kitabu bado ninacho. Wino umepenya hadi ukurasa wa nyuma, ambako kuna watoto wanacheza. Majuzi binti yangu alikifungua akaniuliza bibi huyu anafanya nini. Nikamwambia anapika tu. Ndivyo nilivyoombwa niseme zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na huyu ni mtu wa kwanza niliyemwambia.