Benchi la Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na tisa alikaa benchi la mwisho kanisani, kando ya mafagio. Majoho yote ya kwaya kashona yeye, lakini ukimwita akae mbele anakujibu, "Mimi ni nani?" Watu wakamsifia unyenyekevu mpaka masikio yangu yakachoka.

Jumapili moja tukakuta bibi mgeni, mwenye mkongojo, amekaa pale. Shangazi akamsimamia kichwani.

"Mama, hapo ni pangu," akasema, kwa sauti iliyogeuza shingo za mabenchi matatu.

Bibi wa watu akaanza kuhangaika kuinuka. Mzee wa kanisa akawahi, akamtuliza, kisha akamshika shangazi mkono na kumpeleka penye nafasi pekee iliyobaki: benchi la kwanza, uso kwa uso na kwaya. Alikaa ibada nzima ameinamisha kichwa.

Njiani nikashindwa kujizuia. "Shangazi, leo umepandishwa cheo!"

Nilitegemea anikaripie. Akatembea kidogo, kisha akasema, "Nimeshushwa, mwanangu. Juu nilikuwa kule nyuma."